Kuingia kwa Mlango wa Nyuma: Utangulizi wa Kugeuza Kivutio Kilichoachwa Kuwa Uwanja wa Easofti

Taaluma ninayokufungulia hapa ni changa, haina vitabu vingi, na wengi wanaoitenda kila siku hawajui kwamba wanatenda taaluma. Wao hujiona wamekodi tu eneo lililokufa ili watu wapate pa kuchezea. Ukiwatazama kwa makini, utagundua wanapambana na maswali ambayo wasanifu majengo, wanasheria na wanafizikia husomea miaka mingi. Mahali palipojengwa kwa ajili ya furaha ya umma, kisha umma ukaacha kuja, pafanywe nini? Nami nalipenda swali hili kuliko mengi niliyowahi kufundisha, kwa sababu jibu lake linaweza kukanyagwa kwa miguu. Huhitaji kujua lolote kuhusu silaha wala ujenzi. Njoo ulivyo.

Tuanze na maneno mawili yatakayofuatana nasi. Kivutio, kwa maana ninayoitumia hapa, ni mahali palipojengwa makusudi ili mgeni alipe kiingilio, atembezwe, afurahi au ajifunze, kisha arudi kwake. Bustani yenye rolakosta, yaani magari yanayokimbia juu ya reli zinazopanda na kushuka, ni kivutio. Kadhalika jumba la maonyesho au kijiji cha kihistoria. Si kila gofu ni kivutio kilichokufa. Kiwanda kilichofungwa nacho ni gofu, lakini hakikujengwa kwa ajili ya mgeni, na tofauti hiyo utaiona ina uzito.

Neno la pili ni easofti. Huu ni mchezo wa mapambano ya kuigiza ambamo timu hurushiana gololi ndogo za plastiki kwa bunduki bandia. Gololi ya kawaida ina kipenyo cha milimita 6 hivi na uzito wa gramu 0.20 au 0.25. Labda umewahi kusikia mchezo wa kurushiana risasi za rangi. Ni ndugu wa karibu, ila risasi ya rangi humwachia aliyepigwa doa, na gololi ya easofti haiachi alama. Kwa hiyo mwenye hakika kwamba amepigwa ni yeye mwenyewe aliyepigwa. Ukiguswa, unainua mkono, unatangaza kwa sauti na kutoka mchezoni. Waamuzi wapo, lakini hawawezi kuona kila gololi. Shika jambo hili sana: mchezo mzima umesimama juu ya uaminifu, na uwanja mbaya ni ule unaoufanya uaminifu uwe mgumu. Chumba chenye kelele nyingi hadi mtu asisikie gololi ikimgonga, au kona ambayo mwamuzi hawezi kuifikia, huzaa ugomvi hata baina ya watu waungwana. Hapo kosa ni la aliyepanga uwanja kabla halijawa la mchezaji.

Easofti ilizaliwa Japani katika miaka ya 1970. Sheria ya huko ya mwaka 1958 kuhusu bunduki na panga iliwabana raia wasimiliki silaha halisi, na wapenzi wa mifano ya bunduki wakatengenezewa zile za kurusha plastiki kwa springi au kwa gesi. Mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ikatoa bunduki bandia ya umeme. Ndani yake betri huendesha mota ndogo, mota huvuta pistoni na kubana springi, springi ikiachiwa pistoni hurudi kwa kasi, na hewa iliyobanwa huisukuma gololi nje. Chombo hiki ndicho kilichousambaza mchezo Ulaya na Marekani, na ndicho utakachokikuta mikononi mwa wachezaji wengi hadi leo.

Sasa hesabu kidogo, na usiogope. Nguvu ya gololi hupimwa kwa jouli, kipimo cha nishati. Chukua uzito wa gololi kwa kilo, uzidishe kwa mwendo wake, uzidishe tena kwa mwendo huohuo, kisha ugawe kwa mbili. Gololi ya gramu 0.20 ni kilo 0.0002. Ikienda mita 100 kwa sekunde, jibu ni jouli 1 kamili. Ukiweka gololi nzito zaidi, ya gramu 0.25, jouli 1 hiyohiyo huipa mwendo wa mita 89 tu kwa sekunde. Ndiyo maana mwamuzi anayepima bunduki asubuhi kwa kronografu, yaani kifaa cha kupimia mwendo wa gololi, lazima kwanza aulize uzito wa gololi. Mwendo peke yake haumwambii kitu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2017 iliweka mpaka kwa lugha hiyohiyo ya nishati: jouli 1.3 kwa bunduki bandia inayoweza kurusha mfululizo, na jouli 2.5 kwa ile irushayo moja moja. Ikivuka hapo, haitazamwi tena kuwa bunduki ya easofti.

Kuna kipande kimoja zaidi cha fizikia unachokihitaji. Karibu na mwanzo wa mtutu pana mpira mdogo unaoikwaruza gololi kwa juu na kuifanya izunguke kinyumenyume ikiwa angani. Mzunguko huo huishikilia isianguke mapema, kwa kanuni ileile inayoupinda mpira wa adhabu ukapita pembeni ya ukuta wa mabeki. Kanuni hiyo hubeba jina la Gustav Magnus, mwanafizikia Mjerumani wa karne ya 19. Kwa msaada wake gololi nyepesi kama hii hufika mita 40 hadi 50 ikiwa bado na shabaha. Kumbuka umbali huo, maana ndio rula tutakayopimia eneo lolote tutakaloingia.

Tuje kwenye kivutio chenyewe, na tuulize kimekufaje. Mfano ninaopenda kuanza nao ni mradi wa Earth Centre, karibu na Conisbrough huko South Yorkshire, Uingereza. Ulijengwa juu ya ardhi ya mgodi wa makaa ya mawe wa Cadeby uliofungwa mwaka 1986, kwa fedha za bahati nasibu ya taifa zilizotengwa kuadhimisha milenia mpya. Nia yake ilikuwa njema: kufundisha watu kuishi bila kuichosha dunia, na kurudisha kazi katika mabonde yaliyopoteza migodi. Ulifunguliwa mwaka 1999. Wageni hawakuja kwa idadi iliyotarajiwa, na mwaka 2004 ukafungwa. Mfano mwingine ni Camelot, bustani ya burudani huko Charnock Richard, Lancashire, iliyofunguliwa mwaka 1983 na kufungwa mwaka 2012. Rolakosta yake iliyoitwa Knightmare ilibaki imesimama juu ya nyasi hadi ilipobomolewa mwaka 2020.

Kinachokufa katika maeneo kama haya ni hesabu. Kivutio kikubwa huhitaji maelfu ya wageni ili kulipia mitambo, wafanyakazi, maonyesho na mkopo. Idadi ikipungua, mitambo huuzwa au hushika kutu. Lakini kuta hubaki, na pamoja nazo njia, maegesho ya magari, vyoo, uzio na njia ya umeme. Easofti hutaka kilekile kilichobaki, na haihitaji karibu chochote kilichoondoka. Inaweza kujiendesha kwa makumi ya watu wanaokuja Jumapili. Haihitaji rangi mpya, tena wachezaji huipenda rangi inayobanduka. Katika mji wa Reading, jengo la maduka la Friars Walk lililobaki tupu liliwahi kutumiwa kwa michezo ya namna hii, na wachezaji walisafiri kutoka mbali kwa sababu tu hakuna anayeweza kujenga maduka yaliyoachwa kwa bei ya tiketi zao.

Hapa ndipo wageni wengi wa taaluma hii hudhani kazi imekwisha: eneo lipo, kuta zipo, funga lango na watu wacheze. Nakuomba tukae hapa kidogo, kwa sababu moyo wa somo uko hapa.

Kivutio kizuri ni mashine ya kuwaendesha watu kuelekea upande mmoja. Mpangaji wake alimwaza mgeni asiyejua njia, mwenye watoto, mwenye uchovu, na akahakikisha hapotei. Akatengeneza lango moja, njia kuu pana, kitu kirefu kinachoonekana kutoka mbali ili kivute macho na miguu, kisha mzunguko unaomrudisha mgeni alikotoka. Walt Disney aliifanya mbinu hii ijulikane duniani: Disneyland ilipofunguliwa California mwaka 1955, kasri liliwekwa mwisho wa barabara kuu, na kila aliyeingia akajikuta anatembea kulielekea bila kuambiwa.

Uwanja wa mapambano ya kuigiza unataka kinyume chake. Mchezo huwa hai pale mchezaji anapokuwa na uamuzi wa kufanya: apite kushoto, kulia, au angoje. Njia ikiwa moja, timu inayofika kwanza huikalia na siku nzima inakuwa ya kurushiana kutoka sehemu ileile. Ile njia kuu pana iliyokuwa fahari ya kivutio inakuwa tambarare isiyovukika, kwa kuwa yeyote aliye mwisho wake anaona kila kitu. Chukua rula yetu ya mita 50. Njia iliyonyooka kwa mita 30 bila kizuizi ni hatari kwa kila anayeikanyaga; njia ya mita 120 ina kipande cha katikati ambako hakuna anayempata mwenzake, na watu husimama tu wakitazamana. Zote mbili zinahitaji kukatwa kwa vizuizi, marobota, magari mabovu yaliyoondolewa mafuta na vioo, au kuta za mbao zilizopishana ili macho yasifike mbali.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mgeuzaji ni kutengua mwendo uliopangwa. Namna bora ninayoijua ya kuianza ni kuingia kwa mlango wa nyuma. Kila kivutio kina upande ambao mgeni hakuonyeshwa: njia za wafanyakazi, jikoni, vyumba vya mitambo, ngazi za chuma, njia za kupitishia takataka. Katika Magic Kingdom ya Florida, iliyofunguliwa mwaka 1971, upande huo ni mtandao mzima wa njia chini ya bustani, zilizojengwa ili mfanyakazi aliyevaa mavazi ya sehemu moja asionekane akikatiza sehemu nyingine. Bustani ndogo hazina mtandao kama huo, lakini kila moja ina nyuma yake. Nyuma ya jukwaa pana mlango. Nyuma ya mgahawa pana uchochoro unaofika hadi stoo. Ukiziunganisha njia hizo na njia za wageni, ghafla kila jengo linafikika kutoka pande tatu au nne, na mchezo unapumua. Ramani ya wageni itakuonyesha kivutio kilivyotaka kuonekana. Ramani ya wafanyakazi ndiyo ramani ya uwanja wako.

Majengo mengine ni makaidi. Jumba la giza, lile ambalo wageni walikalishwa kwenye vigari vikipita polepole mbele ya sanamu na taa, huwavutia sana wageuzaji wapya kwa sababu linatisha vizuri. Lakini ni mrija mmoja mrefu wenye mlango mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Kwa mchezo linachosha. Kwa moto ni mtego. Usilitumie hadi litobolewe milango zaidi, na kila mlango uwe na taa ya dharura inayowaka umeme ukikatika. Mahali pa juu, kama jukwaa la kupandia rolakosta, pana tatizo la aina nyingine: aliye juu anawaona wote na hafikiki. Ama uwekwe ukingo imara na ngazi mbili za upande tofauti, ama pafungwe kabisa. Mimi hupendelea pafungwe. Mtu aliyejikita kwenye mchezo husahau ukingo uko wapi.

Kile kitu kirefu kilichovuta macho, kiache. Mchezaji aliyezungukwa na kuta anahitaji kitu cha kumwambia yuko upande gani, na mpangaji wa zamani amekufanyia kazi hiyo bure. Ukumbi wa tiketi nao una makazi yake mapya: eneo salama, yaani sehemu ambayo hakuna anayerusha, gololi zimetolewa kwenye bunduki, na watu wanaweza kuvua miwani ya kinga. Miwani hii haivuliwi uwanjani kwa sababu yoyote, hata ikijaa ukungu, kwa kuwa gololi ya jouli 1 haipenyi nguo nzito lakini jicho haliistahimili. Ukumbi wa tiketi unafaa kwa sababu uko karibu na maegesho na vyoo, na uko pembezoni. Tundika wavu mzito kati yake na uwanja, na njia ya kuingilia iwe na kona ili gololi iliyopotea isipate njia iliyonyooka.

Huenda unajiuliza: kwa nini tujisumbue hivi na magofu ilhali msitu ni rahisi? Ni swali zuri, na viwanja vingi vya Uingereza viko msituni hasa. Jibu lina sehemu ya sheria. Huko, mwenye ardhi anaweza kuitumia kwa shughuli ya muda hadi siku 28 kwa mwaka bila kuomba kibali cha mipango miji, na kanuni zenyewe zinautaja mchezo wa vita vya kuigiza kwa jina. Lakini ruhusa hiyo haihusu majengo wala viwanja vinavyoyazunguka, na haihusu vita vya kuigiza katika ardhi iliyotengwa kwa thamani yake ya kisayansi. Anayechukua bustani yenye majengo hukutana na ofisi ya mipango tangu siku ya kwanza. Kwa malipo ya usumbufu huo anapata mahali panapofanya kazi mwaka mzima, hata mvua ikinyesha, kukiwa na choo cha kuvuta maji. Msitu hauwezi kuahidi hivyo.

Uwanja pia una kazi ya kisheria ambayo wageni wa taaluma hii hawaitarajii. Tangu mwaka 2007, sheria ya Uingereza inakataza kuuza bunduki bandia inayofanana mno na halisi, isipokuwa kwa mnunuzi mwenye sababu zinazotambuliwa, mojawapo ikiwa ni kushiriki easofti kwenye uwanja wenye bima ya kulipa madhara ya watu wengine. Wauzaji walianzisha daftari la wachezaji: ukicheza mara tatu katika muda usiopungua miezi miwili kwenye uwanja wa namna hiyo, unaweza kuandikishwa. Asiye na sababu hiyo hununua yenye rangi kali, kama samawati au machungwa. Daftari la mahudhurio linalokaa mezani kwenye ukumbi wa tiketi ndilo linalomtofautisha mchezaji na mtu mwenye kitu cha kutisha mkononi.

Kama unasoma ukiwa Mombasa, Arusha au Kampala na tayari umewaza gofu fulani ulijualo, nakufurahia, na nakuomba uanze mahali tofauti na Mwingereza. Anza na polisi na mamlaka ya leseni za silaha. Kitu kinachofanana na bunduki hakichukuliwi kwa wepesi katika nchi zetu, na kuna sababu nzito. Pata jibu la maandishi kuhusu kuingiza, kuhifadhi na kusafirisha vifaa hivyo kabla hujaongea na mwenye ardhi. Jirani naye aambiwe, na aoneshwe. Mlio na mavazi ya kijeshi vikisikika na kuonekana bila taarifa, watu wataingiwa na hofu ya kweli.

Baada ya sheria huja mwili wa jengo. Kumbuka tarehe moja: Uingereza ilipiga marufuku asbesto kabisa mwaka 1999. Asbesto ni madini yenye nyuzi yaliyotumika kwenye paa, dari na vizuizi vya joto. Ikivunjika, vumbi lake huingia mapafuni na linaweza kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Kivutio cha zamani kuliko hapo lazima kichukuliwe kuwa kinayo hadi mpimaji aseme hakina. Ni hatari ya kweli kwa mchezo huu, maana gololi hugonga dari maelfu ya mara kwa siku. Chunguza pia sakafu ya mbao iliyonyeshewa, mashimo ya mitambo yaliyofunikwa kwa bati, na popo darini. Popo na makazi yao wanalindwa na sheria huko, na jengo walimolala linaweza kufungwa usilitumie.

Halafu kuna plastiki. Tuseme wachezaji 60, kila mmoja akirusha gololi 1,000 za gramu 0.20 kwa siku: hizo ni kilo 12 za plastiki ardhini. Zipo gololi zinazouzwa kuwa zinaoza, na ni vyema kuzidai, lakini uozo wake hutegemea unyevu, joto na vijidudu, na si wa haraka. Ndani ya majengo zifagiliwe kila jioni. Nje, mifereji ya mvua iwekewe vichujio, la sivyo mto ulio karibu utakuwa jalala lako. Kwenye eneo kama Earth Centre, ambalo lilijengwa kufundisha watu wasiharibu maji na udongo, kupuuza jambo hili kungekuwa ni kuwatusi waliolijenga.

Nalo eneo lenyewe lina watu wake. Mgodi wa Cadeby ulilipuka mwaka 1912 na kuua wanaume zaidi ya 80, wakiwemo waokoaji walioshuka baada ya mlipuko wa kwanza. Juu ya ardhi hiyo zilikuja ndoto za mwaka 1999, na huenda wapo watu waliofanya kazi sehemu zote mbili. Kabla ya kuandika jina la mapambano kwenye bango, kaa na wazee wa mji. Waulize ni kona gani isichezewe. Mara nyingi watakutajia moja tu, na utaizungushia uzio bila kupoteza chochote cha mchezo. Wafanyakazi wa zamani wa kivutio watakupa pia zawadi ya vitendo: wao ndio wanaojua ile ramani ya nyuma, mlango upi hukwama, na maji ya mvua huingilia wapi.

Mwisho, jizoeze kufikiri kama mtu aliyekodi, si kama mwenye nyumba. Earth Centre baadaye uligeuzwa kuwa kituo cha michezo ya nje kwa watoto na vijana, na Camelot imekuwa ikiwindwa na mipango ya kujenga nyumba za kuishi. Mwenye ardhi hukukaribisha kwa sababu anangoja kitu kikubwa zaidi. Wewe unamlindia kuta dhidi ya wezi wa shaba na vijana wa kupanda paa, naye anakukodisha kwa bei unayoiweza. Kwa hiyo jenga kwa skrubu badala ya zege. Vizuizi viwe vya kubebeka na watu wawili. Kila tundu jipya la mlango lipigwe picha kabla na baada, liwekwe kwenye ramani, na liidhinishwe kwa maandishi na mhandisi wa majengo, ili atakayekuja baada yako, awe mwalimu wa watoto au mjenzi wa nyumba, ajue ukuta upi unabeba paa na upi ulikuwa wa kwako.